Uso wa Mama Bila Sauti

Kabla sijaona kitu chochote duniani, nilikuwa nimeshaona filamu nyingi. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini sitanii. Katika senta yetu, yaani sokoni penye maduka, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, palikuwa na kibanda cha video cha mabati na turubai, na ndani yake alikaa mtafsiri mwenye maikrofoni. Filamu zilitoka India, China, Nigeria, na sehemu ambazo hata yeye hakuzijua. Alipunguza sauti ya filamu, kisha akasema yeye maneno ya kila mtu kwa Kiswahili cha kwetu Kivu, kinachosema njo badala ya ndiyo, ya mwanamume kwa sauti nene na ya mwanamke kwa sauti nyembamba. Pale ambapo watu hawakusema kitu alitusimulia: sasa anapanda ngazi, sasa mwizi amejibanza nyuma ya mlango, na huyu mjinga hamuoni. Kwa wengine alikuwa nyongeza juu ya picha. Kwangu alikuwa filamu nzima.

Nilikaa mbele kabisa, karibu na spika. Mwenye kibanda hakunitoza kiingilio.

"Huyu hatumie picha," aliwaambia walionung'unika. "Anatumia kelele tu, na kelele inatoka inje bure."

Nilizaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, kule kwetu Kivu Kusini, Kongo, katika kijiji cha mlimani ambako hakuna aliyejua kuwa ugonjwa huo una jina wala dawa. Niliweza kutofautisha jua na kivuli, basi. Baba alibaki kule na kaburi lake silijui. Mama alinivusha mpaka peke yake. Tulipofika Uganda tulikaa kwanza Kabazana, katika yale mabanda marefu ya wageni wapya, tukingoja kugawiwa kiwanja. Kwenye foleni ya chakula, watu wakisukumana kwa lugha nyingi, mama alifunga pindo la kitenge chake kwenye kifundo cha mkono wangu. Alikokwenda, kitenge kilinivuta. Hata tulipopata kiwanja, tukasimamisha nyumba, akaanza kuuza ndagala, wale dagaa wakavu, na mawese sentani, aliendelea kunifunga hivyo siku za soko. Sauti yangu ilikuwa imeanza kuwa nzito ya kiume, na bado natembea nimefungwa kwenye nguo ya mama kama mbuzi.

Uso wake niliujua kwa mikono. Jioni akishanawa aliketi kwenye kigoda akaniachia. Mashavu yaliyojaa, kidevu chenye nyama nyingine chini yake, nyusi nene zinazotaka kukutana, paji pana lenye jasho lisiloisha. Nilipita pote taratibu. Kama alikuwa amelia mchana nilijua. Wakati mwingine alificha kipande cha muwa mdomoni akajifanya hatafuni, nikamkamata shavuni, akacheka mpaka mikono yangu ikatikisika.

Siku moja mtafsiri alitangaza sentani kwamba ataonyesha filamu ya kipofu anayefunguka macho. Wateja wa mama wakamletea habari. Mama hakuwahi kuingia kibandani. Alikuwa mtu wa kwaya, na alisema mle mna mapepo ya kulipia. Siku hiyo alimwachia jirani yetu, mama mmoja Mrundi, meza yake ya ndagala, akaja kuketi kando yangu.

Ilikuwa hadithi ya kijana anayesuka kamba katika mji wenye bandari. Mama yake anafua nguo za matajiri mpaka vidole vinachunika, anatafuta pesa ya daktari. Mwishowe kijana anapasuliwa, anafungwa bandeji, na siku ya kufungua mama yake anakuja amevaa vizuri. Mtafsiri alijua kazi yake. Alinyamaza kidogo. Tulisikia jenereta tu nyuma ya kibanda. Kisha, kwa sauti ya kijana, akapiga kelele:

"Mama! Ni weye! Njo sura yako hii? Uko muzuri kushinda sauti yako!"

Kibanda kizima kililia. Nilisikia wanaume wakipenga kamasi. Mama alinishika mkono kwa nguvu hadi ukafa ganzi, na njiani kurudi nyumbani hakusema kitu kingine ila hayo maneno, mara kwa sauti, mara kwa kunong'ona, kama mtu anayejifunza wimbo mpya wa kanisani. Uko muzuri kushinda sauti yako. Na sauti yake ilikuwa nzuri kweli. Kwaya yao ilimtegemea.

Baada ya hapo watu wa macho walikuja kituo cha afya kupima watu kwa tochi. Mmoja akanishika kidevu, akamulika, akamwambia mama kwamba mimi si kipofu wa kudumu. Kuna pazia tu, alisema, na pazia linaondolewa Mbarara.

"Ataona?" mama aliuliza.

"Ataona mwanga mwingi kuliko sasa. Zaidi ya hapo tutajua baadaye."

Mama alisikia neno la kwanza tu.

Nilipasuliwa Ruharo, hospitali ya macho ya Mbarara. Sina neno baya la kusema juu ya mikono iliyonipasua. Walikuwa wapole, na walinieleza kila walichofanya kabla ya kukifanya. Usiku wa kuamkia kufunguliwa mama hakulala. Alikuwa amekuja na kitenge chake cha kanisani, cha bluu chenye ndege weupe, amekikunja chini ya mto wangu kisiingie vumbi. Asubuhi alikivaa, akajipaka mafuta, akawaambia wagonjwa wote wa wadi, Wanyankore na Warundi, hata wale wasiojua Kiswahili:

"Leo njo mutoto wangu ataniona."

Nesi alifungua bandeji.

Sijui niandike nini hapa. Mwanga uliingia wote kwa mara moja, na ndani ya mwanga mlikuwa na vipande. Havikuwa mbali wala karibu. Vilikuwa vimeniganda machoni, kama ungo uliobandikwa usoni. Kipande kimoja, cha rangi ambayo sasa najua ni ya udongo, kilisogea. Katikati yake pakatokea shimo. Likafunga, likafunguka, na ndani yake mkawa na vitu vyeupe. Sauti ya mama ikatoka mle shimoni.

"Papa," aliniita, jina lake la kunibembeleza. "Ni mimi."

Nilishtuka nikageukia ukutani. Ukuta haukuwa na shimo.

"Sema basi!" alisema mzee wa kitanda cha jirani. "Ambia mama yako kitu."

Nikageuka tena, nikanyoosha mikono nimguse, nijue kama yumo nyuma ya kile kitu. Mikono ilikuwa bado haijafika alipoidaka, akaishusha kwenye shuka.

"Hapana na mikono. Macho uko nayo sasa. Na macho."

Nilijitahidi. Jasho lilinitoka.

"Naona kitundu," nilisema.

Watu walicheka. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wamechoka kulala hospitalini. Mama hakucheka. Daktari alipokuja alimweleza kwa utaratibu kwamba macho yamefunguliwa lakini kuona ni kitu cha kujifunza, watoto wachanga hujifunza bila kujua, na kwamba kwa aliyechelewa kama mimi mambo mengine huenda yasifike kamwe, hasa nyuso. Mama aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Lakini yeye alikuwa ameshaona filamu.

Rangi zilikuja haraka. Nyekundu ilikuwa na kelele, nilitaka kuizima. Umbali ulichelewa sana. Milima ya Isingiro niliiona imesimama mlangoni kwetu, nikanyoosha mkono niisukume ili nipite. Kivuli cha mti njiani kilikuwa shimo na nilikiruka. Shimo la kweli nililidhani kivuli nikatumbukia. Sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, ambalo nilikuwa nikilipenda tangu utotoni, nilipoliona kwenye sahani nilikataa kulila. Mbwa na mbuzi walinichanganya mpaka walie. Nilipotaka kutembea vizuri nilifumba macho, na miguu yangu ikanipeleka sentani bila kujikwaa, nikinusa njia kama zamani. Hilo liliwaudhi watu kuliko upofu.

"Anajifanya," walisema. "Anataka musaada wa vilema usikatike."

"Hapana, macho alipewa. Akili njo ilibakia Mbarara."

Nilipelekwa shule, nikawekwa darasa la kwanza na watoto walionifikia kiunoni. Walinizunguka kila asubuhi wakibadilishana masweta ili nikosee majina. Niliwajua wote kwa sauti, kwa hiyo walijifunza kunyamaza. Mwalimu alikuwa mvumilivu. Mimi sikuwa. Nilijifunza herufi, kwa sababu herufi hazicheki wala hazinuni, hukaa zilivyo. Kisha nikaacha kwenda. Kusoma kwa kweli nilijifundisha baadaye, kwenye mabango ya Mbarara.

Nyuso zilikataa. Niliona pua, niliona jicho, niliona sikio, kila kimoja peke yake kama vitu vilivyomwagwa mezani. Havikujikusanya kuwa mtu. Kitu cha kwanza nilichojifunza usoni ni kinywa, kwa sababu kinatembea. Nilijua kikifunguka mtu anasema, kikifumba amenyamaza, nikawa naangalia vinywa tu, na watu wakasema nina tabia mbaya ya kuwatazama watu mdomoni kama mwenye njaa.

Ndipo mama alipoanza kunijaribu. Alikuwa akisimama mlangoni akanyamaza. Hakukohoa wala hakusogeza miguu. Mimi niko ndani, naona mtu amesimama kwenye mwanga, na huyo mtu ananingoja. Natakiwa kusema. Mwanzoni nilikuwa nauliza, "Nani?" Akageuka akaenda zake uani bila kujibu, na kwa mwendo wake wa kwenda nikajua ni nani.

Nikajifunza kudanganya. Nilijua harufu ya ndagala. Nilijua kitenge cha ndege weupe, na kile cha njano chenye mafeni, na kile kilichochanika pindoni. Nilijua jinsi anavyoegemea mguu mmoja. Akisimama tu, nasema, "Mama!" na mara za kwanza alifurahi sana. Aliwaambia watu wa kwaya. Lakini mama hakuwa mjinga. Akaanza kuoga kabla ya kuja kusimama. Akaanza kusimama kwa miguu yote miwili.

Siku moja alibadilishana nguo na yule jirani Mrundi. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe nje ya nyumba, nikaona wanawake wawili wanakuja. Mmoja alivaa kijani nisichokijua, wa pili alivaa ndege weupe. Nikasimama kwa heshima, nikamwendea mwenye ndege.

"Mama, karibu. Nikupokee mzigo."

Jirani alipasuka kicheko. "Mwana wangu, karibu tu unipokee! Toka leo unipikie na mimi!" Alicheka akajipiga mapajani, akamtazama mwenzake ili wacheke wote. Yule wa kijani alikuwa ameshapita. Aliingia ndani, na nilisikia kigoda kikivutwa.

Jioni ile nilikwenda nikachuchumaa mbele yake kama zamani, nikainua mikono.

"Mama, niache kidogo tu. Nikigusa na huku naangalia, labda vitashikana."

Hilo nililisema kwa akili kabisa. Nilikuwa nimelifikiria siku nyingi na mpaka leo naamini lingenisaidia. Alinishika vidole.

"Ukigusa hautaangalia. Nakujua." Kisha akasema, polepole, "Nilikubeba mugongoni toka kwetu. Mutu wa kwanza uone, niwe mimi. Ni kile tu naomba. Nyumba sikuomba, pesa sikuomba."

Niliondoka Nakivale nikiwa na ndevu chache. Sababu ilikuwa moja tu. Sikutaka kuangaliwa na mtu anayengoja. Katika mji mdogo wa Kaberebere nilipakia ndizi kwenye magari. Mbarara niliosha pikipiki za boda, nikauza makava ya simu, nikalala kwa huyu na yule, na nilipochoka mahali nilihama. Pale ambapo hakuna anayekujua, kutojua mtu si kosa. Nilikuwa mdadisi wa ajabu, nilimuuliza kila mtu: wewe unamjuaje mtu? Unaanzia wapi, puani au machoni? Walinidhani mlevi. Kinyozi mmoja pekee alinijibu baada ya kufikiri.

"Mimi vichwa tu," alisema. "Mtu akivua kofia namjua. Sura nasahau. Hata mke wangu, mpaka avue kilemba."

Katika simu yangu nilikuwa na picha ya mama, amevaa kile kitenge na kilemba chake. Niliisoma kila siku kama mtu anayesoma ramani ya mji ambao hajawahi kuufika. Nyusi hapa, shavu hapa, kivuli cha pua kinaangukia huku. Nikaijua picha ile. Ungeniletea picha mia ningekutolea ile. Lakini nilipokwenda kumsalimia, na akageuza kichwa kidogo tu kuelekea jiko, ramani ilipotea yote.

Katika safari mojawapo ya kusalimia nilipita kwenye kibanda cha video. Mtafsiri alikuwa yule yule, sauti imechakaa kidogo. Jenereta lilikuwa limeondoka, sasa walitumia umeme wa jua. Nilimuomba aweke ile filamu ya msuka kamba. Akasema ni ya zamani, watu wanataka vita. Baada ya siku mbili akaiweka, mchana, kwa watu wachache waliokimbia mvua.

Nilikaa mbele. Sehemu kubwa sikuielewa, nilisikiliza tu kama zamani, picha zikinisumbua. Kisha tukafika kwenye bandeji. Uso wa yule kijana ulijaza kioo kizima, kinywa kikubwa kama mlango. Nikakikazia macho. Mtafsiri akanyamaza, halafu akapiga kelele:

"Mama! Ni weye!"

Kinywa kilikuwa kimefumbwa.

"Njo sura yako hii? Uko muzuri kushinda sauti yako!"

Hakikusogea hata kidogo. Mtu yule hakuwa amesema kitu. Kisha uso ukageuka, na nikaona sikio, na kando ya sikio ukuta.

Mvua ilipokatika nilimngoja mtafsiri nje.

"Muzee, yule kijana hakusema kitu."

"Kijana gani?"

"Wa bandeji. Kinywa kilifunga. Ni weye njo ulisema."

Alinitazama, akasogea, akaitazama miwani niliyopewa Ruharo na macho yangu ambayo hayatulii mpaka leo.

"Weye si ule kipofu wa kando ya spika?" Akacheka kwa furaha ya kweli, akanishika bega. "Ukafunguka macho! Na kazi ya kwanza ya hayo macho ni kuja kunishitaki!"

"Anafanya nini, kweli?"

"Hafanye kitu. Anageuka, anaangalia ukuta, anakaa vile mingi mpaka unafikiri mashine imekwama. Mama yake anatoka."

"Ulisema anatoka kwenda kushukuru Mungu."

"Anatoka tu. Anakaa ku ngazi. Na mwisho, kijana anarudi ku kamba zake, anafumba macho njo asuke. Inaisha. Ni filamu mubaya sana."

"Na weye ukaweka maneno."

"Ningenyamaza? Batu bangesema maikrofoni imekufa." Kisha akaacha kucheka. "Bamama balikuwa bashaanza kulia, kijana wangu. Mutu amelia, anangoja. Utamwambia nini, kwamba hakuna kitu kinakuja?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka aniachilie, ajue kwamba hata katika filamu yenyewe haikuwa hivyo, kwamba yule kijana aligeukia ukutani kama mimi nilivyogeuka, na aliyetunga filamu ile alilijua jambo hilo. Alikuwa anachambua ndagala kwenye ungo, akitoa mchanga. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa.

"Mama, weye ulikuwa na macho siku ile. Haukuona kinywa chake kimefunga?"

Vidole viliendelea kuchambua.

"Sikuangalia kinywa chake," alisema. "Nilikuwa naangalia chako. Ulikuwa unacheka."

Baada ya hapo hakunijaribu tena. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na kilikuwa kibaya kuliko nilivyodhani. Kila nilipokuja kumsalimia, alinipigia kelele kutoka mbali, hata kabla sijafika kwenye ua: "Ni mimi! Niko hapa, ku mulango!" Alisema hivyo sentani, mbele ya watu. Alisema hivyo kanisani. Akihama kutoka jikoni kwenda chumbani, alisema. Ilikuwa ni namna ya kusema na kipofu, ile ya kwanza, ya kabla ya Mbarara, lakini kitenge hakikuwemo tena, na mikono yangu hakuiomba. Nikawa naenda mara chache.

Jirani ndiye aliyenipigia simu. Mama alikuwa amedhoofika miezi mingi bila kuniambia, chakula kinakataa kushuka. Kituo cha afya kilikuwa kimemhamishia hospitali moja ya Mbarara, mji ule ule nilimokuwa nauza makava ya simu. Jirani alikaa naye, lakini ilibidi arudi kwa watoto wake.

"Wende leo, mwana wangu," alisema. "Usingoje kesho."

Wadi ya wanawake ilikuwa ndefu, vitanda pande zote mbili, na wengine wamelala chini kwenye mikeka. Nilisimama mlangoni nikangoja. Nilikuwa nimezoea. Nilingoja ile sauti iseme, ni mimi, niko hapa. Haikuja. Nikatoa simu, nikafungua picha, nikaanza kupita.

Wote walikuwa wamefunikwa mashuka ya hospitali. Hakukuwa na vitenge, na vichwa vingi vilikuwa wazi, nywele zimekatwa. Harufu ilikuwa moja, ya dawa ya kufulia. Nilipita upande wa kushoto nikarudi upande wa kulia, nikiinama kidogo kwenye kila uso, nikitafuta nyusi, nikitafuta shavu, nikitazama simu, nikitazama tena. Wanawake walinitazama. Hakuna aliyefungua kinywa. Nikafika mwisho, nikarudi, nikaanza upya.

"Wewe kijana," alisema mama mmoja Mnyankore aliyekuwa anamlisha mgonjwa wake uji. "Nani unatafuta? Unachungulia wanawake kama polisi."

"Natafuta mama yangu."

"Mama yako nani?"

"Mama yangu mimi."

"Banange! Mama yako hujui?" Akawageukia wenzake. "Anatembea na picha ya mama!" Wawili watatu wakacheka, wakiziba midomo kwa ajili ya wagonjwa. Nikataja jina lake, na kijiji chetu huko Nakivale. Kicheko kikakatika. Yule mama akaweka kikombe chini.

"Mkongo? Wa kuuza samaki?" Akanyoosha kidole. "Ni huyo. Nyuma yako. Umepita hapo mara mbili."

Niligeuka. Kwenye kitanda palikuwa na mtu mdogo sana. Mashavu hayakuwepo. Kulikuwa na mifupa, na ngozi imevutwa juu yake, na macho makubwa mawili yaliyokuwa yakinitazama. Yalikuwa yamenitazama muda wote. Nilipiga magoti kwenye sakafu.

"Mama?"

Kinywa kilifunguka. Hakikutoka kitu ila pumzi. Mpaka leo sijui kama nilipokuwa nikipita alijaribu kuniita akashindwa, au alinyamaza kama zamani, kunipa nafasi ya mwisho. Nimelifikiria mwaka baada ya mwaka, katika kila mji niliokaa. Siku moja naamini hili, siku nyingine lile.

Mkono wake ulitoka chini ya shuka, ukatafuta wangu, ukaushika. Akauinua polepole, akauweka usoni mwake. Tangu Ruharo hakuwahi kuniruhusu. Nikafumba macho, nikaleta na mkono wa pili, nikaanza kupita kama nilivyopita utotoni, nikijua kwamba hapa sasa nitamkuta, hapa hakuna anayeweza kunidanganya.

Vidole vilitafuta shavu, vikakuta shimo. Vilitafuta ile nyama ya chini ya kidevu, haikuwepo. Paji lilikuwa kavu. Nyusi zilikuwa zimepukutika. Nilirudi nikaanza tena, taratibu zaidi, na vidole vyangu, ambavyo viliwahi kumkamata na kipande cha muwa, havikumjua. Nilikuwa nimeshika uso wa mwanamke nisiyemfahamu.

Kisha pumzi yake ikafika sikioni kwangu, na ndani ya pumzi mlikuwa na sauti kidogo, ile ya kwaya, imebakia uzi.

"Ni mimi?" aliuliza.

Nikafungua macho.

"Ni weye, mama," nilisema. "Nimekuona. Uko muzuri kushinda sauti yako."

Kinywa chake kilisogea, pembe zote mbili. Nilikitazama kwa karibu sana, mpaka kilipotulia. Sikuweza kujua kama alitabasamu au kama alikuwa anaumia.